Na Hii Sauti Yangu Itakwenda Wapi?

Afisa alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio uliozidi kunichanganya. Alinikaribisha kiti, akaniuliza nimekuja kwa shughuli gani, akaisoma barua ya mwaliko wa kongamano mara mbili, kisha akanyoosha mkono kuelekea mkoba wangu na kusema kwamba angependa kuitazama kompyuta. Nikaitoa. Nikafunua kifuniko, nikaandika neno la siri mbele yake kwa vidole vyote kumi, kama mwanafunzi wa uhazili anayetaka kumpendeza mwalimu, na skrini ikawaka pale pale nilipokuwa nimeishia ndani ya ndege: folda ya mahojiano, imefunguliwa, majina yote yamejipanga kwa alfabeti.

Akaibeba. Akaingia nayo chumba cha pili, na mlango ukajifunga wenyewe polepole nyuma yake.

Nilikaa dakika 26. Nina hakika na hesabu hiyo kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu na hapakuwa na kingine cha kutazama. Aliporudi alinishukuru, akanitakia ukaaji mwema katika nchi yao, akanirudishia kompyuta yangu ikiwa imepata joto kidogo upande wa chini.

Joto lile ndilo lililonifuata mpaka nyumbani.

Sikunyang'anywa kitu, sikutukanwa, sikurudishwa nilikotoka. Kwenye kongamano niliwasimulia wenzangu kama kichekesho cha safari, nao wakacheka, nami nikacheka. Ilikuwa usiku wa tatu, katika kitanda cha hoteli, nilipokumbuka uani kwa bibi mmoja wa Muheza na swali aliloniuliza kabla sijabonyeza kitufe cha kurekodi.

Uani

Kazi yangu ni kukusanya simulizi za wajane waliogombania mashamba baada ya waume zao kufariki. Nimezunguka vijiji vya Muheza, Korogwe na Pangani, na katika kompyuta ile nilikuwa na mahojiano 61, mengine ya robo saa, mengine ya asubuhi nzima. Bibi ninayemsema alinipokea msimu wa machungwa, akatandika mkeka, nasi tukakiweka kinasa sauti juu ya kisahani ili kisiingie vumbi.

Alikitazama kwa muda.

"Na hii sauti yangu itakwenda wapi?"

"Haitoki kwangu, bibi."

"Haitoki?"

"Haitoki."

Basi akazungumza saa moja na dakika 12. Aliwataja mashemeji zake kwa majina, akaeleza minyaa ya mpakani iling'olewa usiku gani na ikapandwa upya wapi, akataja kiasi cha fedha alichosikia kimepita mkononi mwa mtu ambaye mpaka leo bado ana cheo kijijini. Mambo hayo hakuwahi kuyasema mbele ya baraza, kwa sababu watu wale ndio majirani zake, ndio wanaochota maji naye, na ndio watakaomzika.

Nilikuwa nimemwahidi kwa neno moja, tena kwa haraka, kwa jinsi ulimi ulivyozoea. Wenye kazi kama yangu hutoa ahadi hiyo mara nyingi mno kiasi kwamba huacha kuisikia.

Ganda na kiini

Ningependa kusema kwamba nilikuwa mzembe, kwa sababu uzembe una dawa nyepesi. Lakini ukweli ni kwamba katika safari ile nilikuwa mwangalifu kupita kiasi. Sisi tuliokulia kwenye mabasi ya mikoani tunajua kulala na mkoba kifuani, na ujuzi huo niliupandisha ndege bila kupunguza hata chembe. Kwenye viti vya kusubiri nilipitisha kamba ya mkoba kwenye mguu wangu. Nilikwenda msalani na kompyuta. Kwenye kituo cha ukaguzi sikuiachia trei mpaka aliyenitangulia amepita mlango wa chuma, ili isije ikafika upande wa pili kabla yangu na kuwasubiri wenye mikono myepesi.

Wala sikuiweka kamwe katika sanduku la kukabidhi. Hapo sheria za usafiri wa anga zilikuwa upande wangu, kwa kuwa betri za lithiamu zinatakiwa zikae karibu na watu watakaouona moshi: betri ya akiba na pawabenki haziruhusiwi kabisa chini ya ndege, na kikomo cha kawaida kwa kile unachoingia nacho ni wati-saa 100, kiwango ambacho kompyuta nyingi hazikifikii. Nilijua hata kwamba ndege ikijaa na mkoba wako ukachukuliwa mlangoni ili ushushwe chini, ni lazima uichomoe kompyuta na pawabenki papo hapo, haidhuru foleni ipige kelele kiasi gani. Nakumbuka vilevile Machi 2017, Marekani ilipopiga marufuku vifaa vikubwa kuliko simu ndani ya ndege zilizotoka viwanja kumi vya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, vikiwemo Doha, Dubai na Istanbul, njia ambazo wengi wetu hupitia. Kwa miezi kadhaa watu walilazimika kuzitia kompyuta zao kwenye masanduku, na nilimhurumia kila aliyesafiri wakati ule.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu ili ionekane uangalifu wangu ulikuwa wa kitu gani.

Ulikuwa wa bati na plastiki.

Kompyuta yenyewe niliinunua ikiwa imetumika, na ingeibwa ningelia siku mbili, nikakopa, nikanunua nyingine. Nililinda ganda kwa jasho, na kiini nikakifungua mwenyewe kwa vidole kumi mbele ya mtu nisiyemjua jina.

Pazia

Kwa wiki saba baada ya kurudi nilijifariji kwa hoja moja, kwamba kijana yule hakujua Kiswahili. Ilikuwa hoja nzuri, na niliitumia kila usiku mpaka ikachakaa. Faili likishanakiliwa halina haraka. Mwenye kulielewa anaweza kupatikana kesho au miaka kumi ijayo, na siku hizi programu za kutafsiri na kunukuu sauti zinakijua Kiswahili vizuri kuliko tunavyodhani.

Nikaenda Kariakoo kwa fundi ninayemwamini, nikamuuliza swali ambalo kwangu lilikuwa dogo: kama nisingeandika neno la siri siku ile, je, wangeweza kuyafikia mafaili?

Hakujibu. Aliigeuza kompyuta, akalegeza skrubu kumi, akainua kifuniko cha chini kwa kipande cha kadi ya simu, kisha akachomoa kijipande cheusi chembamba, si kikubwa kuliko kijiti cha ubani wa kutafuna. Ndiyo diski yangu. Akakitia ndani ya kikasha chenye waya, waya akauchomeka kwenye kompyuta yake, na kabla sijamaliza soda niliyonunuliwa, folda zangu zilikuwa kwenye skrini yake. Mahojiano. Muheza. Korogwe. Hakuna aliyemuuliza neno la siri.

"Dada yangu," akasema, "hilo neno lako la siri ni pazia. Mlango haupo."

Kisha akaniomba kadi ya kumbukumbu ya kinasa sauti, ile ambayo mimi husafiri nayo kwa kuwa siku zote huwa nimeshaifuta. Akaendesha programu fulani, akasonya kidogo, akanigeuzia skrini. Mahojiano niliyoyafuta miaka miwili nyuma yalikuwa yakijitokeza moja baada ya jingine, mengine yamekatika katikati, mengine mazima kama siku yalipozaliwa. Kufuta, akanieleza, mara nyingi ni kung'oa kibao cha nyumba tu. Nyumba yenyewe hubaki imesimama mpaka mtu mwingine ajenge juu yake.

Mlango uliokosekana unaitwa usimbaji, yaani kuivuruga diski nzima kwa hesabu kiasi kwamba anayeichomoa anakuta takataka tupu. Kwenye Windows za kiofisi upo ndani tayari na unaitwa BitLocker, kwenye Mac unaitwa FileVault, watumiaji wa Linux wana LUKS. Nilikuwa nao kwa miaka minne bila kuuwasha. Fundi aliuwasha mchana ule, ukachukua muda wa mlo wa mchana, na haukunigharimu chochote zaidi ya kuandika mahali salama tarakimu 48 za ufunguo wa dharura, ambao bila huo hata yeye asingeweza kunisaidia siku mambo yakiharibika.

Akaniongezea jambo moja ambalo nililidharau mpaka nilipokwenda kulisoma mwenyewe. Kufunga kifuniko si kuzima. Kompyuta iliyolala imeushika ufunguo mkononi, na mwaka 2008 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba ufunguo huo hubaki katika kumbukumbu ya mashine kwa sekunde kadhaa hata umeme ukikatwa, na kwa dakika nyingi chipu zikipozwa. Anayevuka mpaka huizima kabisa. Mimi nilivuka ikiwa imelala na folda imefunguliwa.

Aliyekataa

Nilitoka Kariakoo nikijiona nimepona, na hali hiyo ilidumu mpaka nilipofika kituo cha mwendokasi. Kwa maana kijana yule mpole hakuchomoa diski. Aliniomba nifungue, nami nikafungua. Mlango wa chuma una faida gani kwa mwenye nyumba ambaye akibishiwa hodi na mwenye sare anatoa funguo?

Usiku nikawa nasoma sheria za mipaka ya watu, na nilichokiona ni kwamba pale mpakani ule ulinzi tuliouzoea ndani ya nchi hupungua ghafla. Marekani ilipekua vifaa vya kielektroniki zaidi ya 47,000 katika mwaka wa fedha 2024. Ukilinganisha na wasafiri zaidi ya milioni 420 waliopita, ni kama mtu mmoja katika kila elfu tisa, uwezekano mdogo. Ila raia wao akikataa kutoa neno la siri hawezi kuzuiwa kuingia kwao, hata kama kifaa chake kitashikiliwa, ilhali mgeni mwenye viza anaweza kurudishwa kwa ndege ya jioni. New Zealand kwa sheria yao ya forodha ya 2018 inaweza kukutoza faini ya hadi dola zao 5,000 ukikataa kufungua kifaa bila sababu ya msingi. Uingereza ina Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000, linalomruhusu afisa kumsimamisha msafiri bandarini au uwanjani bila hata kuwa na shaka naye.

Ni hapo nilipokutana na kisa cha Muhammad Rabbani, mkurugenzi wa CAGE, shirika la London linalowatetea walioathiriwa na vita dhidi ya ugaidi. Novemba 2016 alisimamishwa Heathrow chini ya jedwali hilo, akatakiwa kutoa maneno ya siri ya simu na kompyuta yake, akakataa, akieleza kwamba ndani yake mna taarifa za siri za mtu aliyedai kuteswa na kwamba si zake kuzitoa. Septemba 2017 mahakama ya Westminster ikamtia hatiani, akaachiwa kwa masharti na kutakiwa kulipa gharama za kesi. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote juu ya shirika lake, nami ninayo yangu. Lakini mbele ya meza ileile niliyokaa mimi, akiwa na ahadi inayofanana na yangu, alikubali kuitwa mkosaji.

Je, mimi ningekataa?

Nimejiuliza hivyo mara nyingi, na kila mara jibu limekuwa lilelile, kwamba nisingekataa. Nilikuwa na viza ya siku tisa, tiketi ya watu wengine, na hofu ile ya pasipoti yetu ambayo kila Mtanzania aliyewahi kupanga foleni ya ubalozi anaifahamu bila kuelezwa. Wala sikushauri mtu amdanganye afisa wa mpaka, au afiche folda na kukana kwamba ipo. Uongo mpakani ni kosa linalojitegemea, na unaweza kukufungia nchi hiyo kwa miaka mingi kuliko faili lolote.

Kwa hiyo, kama najijua kwamba nikiombwa nitafungua, ulinzi wa kweli hauna budi kufanyika kabla sijafika pale. Ilinichukua wiki nyingi kulikubali jambo hilo, kwa sababu lilinitaka kwanza nikubali kwamba mimi ni mwoga.

Nyumbani nako kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ina masharti juu ya kuzisafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Niliisoma nikitafuta mahali itakaponisamehe. Nilivyoielewa, sheria haijali kama taarifa hizo zimesafiri kwa waya au kwa mkoba wa mgongoni.

Usichokibeba

Agosti nilialikwa tena, mji mwingine, nchi nyingine. Safari hii nilijiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: katika mahojiano 61, ninahitaji mangapi huko niendako?

Jibu lilikuwa sifuri. Nilikuwa nakwenda kusoma karatasi ya kurasa kumi na mbili yenye majina ya kubuni. Miaka yote hiyo nilibeba kila kitu kwa sababu hapakuwa na sababu ya kutobeba, kama anayehama nyumba kila anapokwenda sokoni.

Basi niliazima kompyuta ya mdogo wangu, nikaisafisha, nikawasha usimbaji, nikaweka karatasi yangu, picha sita na kamusi. Mahojiano yalibaki Dar es Salaam kwenye diski mbili za nje, zote zimesimbwa, moja chumbani kwangu, nyingine katika kabati la mama lenye vyombo vya wageni, mahali ambapo hakuna mwizi wala mjukuu anayethubutu kugusa. Nakala ya jedwali la takwimu na sehemu ya mahojiano yaliyokwishaondolewa majina niliziweka kwenye hifadhi ya mtandaoni, ili nikizihitaji nizishushe nikiwa nimeshavuka.

Kuhusu waifai ya hoteli sitasema mengi, ingawa ndiyo kila mtu huniuliza. Tovuti nyingi sasa husimba mawasiliano zenyewe, na anayekaa ukumbini hawezi kusoma barua zako kirahisi kama zamani. Hatari ninayoiogopa ni ile iliyofichuliwa na Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, mwaka 2014 chini ya jina Darkhotel, ambapo wageni mashuhuri wa hoteli za Asia waliounganishwa na waifai ya hoteli waliletewa ujumbe wa kusasisha programu wanayoifahamu, wakabonyeza, wakawa wamemkaribisha jasusi. Kwa hiyo mimi husasisha kila kitu nyumbani kabla ya safari, na nikiwa hotelini ujumbe wowote wa kusasisha nauacha usubiri. Wanaotegemea VPN, yaani programu za kupitisha mawasiliano kwa njia iliyosimbwa, nao waangalie sheria za wanakokwenda na za wanakotoka. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, iliwataka watumiaji wa VPN hapa kwetu wajisajili.

Nilivuka mpaka bila kuulizwa chochote. Afisa hata hakuinua uso. Nakiri nilijisikia kama mtu aliyevaa nguo mpya asisifiwe.

Kidole changu

Siku ya pili, kwenye treni ya chini ya ardhi, mtu alinigusa bega na kuniomba radhi kwa lugha yake. Nilipofika kituoni mfuko wa koti ulikuwa wazi na simu haimo.

Simu yenyewe haikunitia hofu. Ilikuwa imefungwa, na ndani yake hamkuwa na simulizi hata moja. Nikaenda hotelini kwa utulivu wa mtu aliyejipanga, nikafungua kompyuta ya mdogo wangu ili nishushe jedwali la takwimu la kesho yake. Hifadhi ya mtandaoni ikaona kompyuta ngeni, katika nchi ngeni, saa tano za usiku, na kwa busara kabisa ikakataa kuniamini. Ikasema imetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yangu.

Nikajaribu barua pepe. Nayo ikatuma namba kwenye simu yangu.

Nikampigia dada yangu kwa simu ya mapokezi, nikamwomba asubuhi akanirudishie laini. Alicheka kwa huzuni. Wote tunajua, tangu laini zetu ziliposajiliwa kwa alama za vidole na ile laini isiyosajiliwa ikazimwa kuanzia Januari 2020, kwamba kuirudisha laini kunataka kidole cha mwenyewe juu ya kile kioo kidogo dukani. Kidole changu kilikuwa umbali wa saa kumi na nne za ndege.

"Ungeniachia kidole," akasema.

Nikakaa kitandani nikazihesabu funguo zangu zote. Namba za uthibitisho: kwenye simu. Programu ya kuhifadhi maneno ya siri: kwenye simu. Picha ya zile tarakimu 48 za dharura, ambazo fundi aliniambia niziandike mahali salama: nilizipiga picha kwa simu. Nilikuwa nimejenga ngome dhidi ya mwizi, dhidi ya afisa, dhidi ya jasusi wa hoteli, na mtu wa kwanza kufungiwa nje alikuwa mimi.

Kesho yake nilisimama mbele ya watu arobaini bila jedwali. Nilizitaja hesabu nilizozikumbuka na zile nisizozikumbuka nikasema sizikumbuki. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alikuwa akiandika kila nilipokiri, na mpaka sasa sijui kama alikuwa akinihurumia au akinihesabia makosa.

Niliporudi nilifanya jambo ambalo huduma hizi hulitaja kila siku nasi hulipita. Akaunti nyingi hukuruhusu kuchapa orodha ya namba za akiba, kila moja ikitumika mara moja tu, bila kuhitaji laini. Google hutoa kumi, zenye tarakimu nane nane. Nilizichapa. Karatasi moja nimeishonea ndani ya bitana ya mkoba wa nguo, mbali na mkoba wa kompyuta, bila kuandika ni ya akaunti gani. Nyingine iko kwa mama, chini ya sahani za wageni, pamoja na zile tarakimu 48. Programu ya kuzalisha namba za uthibitisho nimeiweka katika simu mbili, na ya pili haitoki nyumbani. Mama aliniuliza ni hirizi gani hizo. Nilimjibu ni za safari, akaridhika.

Kurudi Muheza

Kilichobaki ni kile ambacho hakuna programu ya kukirekebisha. Kwa miezi nilijadiliana na nafsi. Kumwambia bibi ni kumtia wasiwasi juu ya jambo ambalo pengine halikutokea. Kutomwambia ni kuendelea kukaa juu ya neno "haitoki" huku nikijua lilikwisha kutoka, dakika 26, likarudi na joto. Mwenzangu mmoja wa kazi alinishauri niache, akasema ninatafuta kusafishwa dhamiri kwa gharama ya mwanamke mzee. Hoja hiyo iliniuma kwa sababu ilikuwa na ukweli.

Septemba nilikwenda.

Alikuwa akimenya mihogo. Nikasalimia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba mwanangu," akanisogezea kigoda. Nilimweleza polepole, bila kutaja diski wala usimbaji: kwamba ile mashine iliyobeba sauti yake nilisafiri nayo ng'ambo, kwamba askari wa huko aliichukua akaenda nayo chumbani, kwamba nilimfungulia mwenyewe.

Aliendelea kumenya.

"Akaisikiliza?"

"Sijui, bibi."

"Hujui." Akatupa ganda kwenye beseni. "Sasa umekuja kuniambia nini, mwanangu, kama hujui?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia kwamba nilimwahidi haitoki, na ahadi ile sikuwa na uwezo nayo siku nilipoitoa. Nikamwambia pia kwamba sasa sauti iko mahali pawili, zote mbili Dar es Salaam, zote zimefungwa, na kwamba akitaka nitaifuta mbele yake, si kwa kung'oa kibao, bali kwa kuibomoa nyumba. Nilikuwa nimekuja na nakala moja kwenye flashi, imesimbwa, kwa ajili hiyo hiyo.

Alinyamaza kiasi cha muhogo mzima.

"Unayo hapo?"

"Ninayo."

"Nisikie."

Nikaandika neno la siri. Nilijikuta nimegeuza kompyuta upande, mkono umekinga vidole, na yeye akanitazama kwa jicho la kucheka. Sauti yake ikatoka kwenye spika ndogo, changa kidogo kuliko alivyo sasa, ikachanganyika na kuku wa mwaka juzi. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipofika pale anapowataja mashemeji hakusema kitu. Alipofika pale pa fedha hakusema kitu. Nikadhani amechoka, nikasogeza mkono nisimamishe.

"Acha," akasema. "Rudisha nyuma kidogo. Hapo niliposema eka tatu."

Nikarudisha.

"Nilikosea. Lile la bondeni halikuwa letu, tulilima tu. Ni mbili na nusu. Andika."

Nikaandika.